Dawa ya minyoo nawapa kila miezi miwili, mbona mbuzi wangu bado wanakufa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Konde, Pemba. Nimelifupisha kidogo: "Asalaam alaykum daktari. Nna mbuzi kumi na moja, wengi majike. Mchana nawafunga kamba bondeni pembeni ya mpunga, jioni nawarudisha bandani. Dawa ya minyoo nawapa wote kila miezi miwili sikosi, ile albendazoli ya dukani. Lakini masika hii wamekonda, mmoja kavimba chini ya kidevu kisha akafa, watoto wanaharisha, na wawili wana upele mkavu masikioni, jirani kanambia niwapake oili chafu ya gari. Nambie dawa gani kali zaidi, mana hii naona haifanyi kazi tena."

Waalaykum salaam dada, pole sana kwa mbuzi wako. Dawa ntakutajia lakini sio hapa mwanzo, mana nikikutajia sasa hivi utaacha kusoma utakwenda dukani, na mwakani masika ikija utaniandikia swali hilihili kwa dawa hiyo mpya. Kwa maelezo yako mwenyewe, ugonjwa wa mbuzi wako unaanzia pale unapochomeka kigingi. Kule bondeni ndiko wanakookotea minyoo kila siku, na hiyo tabia ya kuwapa dawa wote kwa tarehe hata wasiohitaji ndo ilofanya dawa yenyewe iishiwe nguvu.

Tuanze na huyo alokufa. Mbuzi kavimba chini ya kidevu, ukibonyeza pametepeta kama pana maji ndani, jioni akitoka malishoni uvimbe umekua, asubuhi umepungua. Ukiona hivyo usiangalie jino wala usidhani kaumwa na nyoka, mfungue jicho uvute kigubiko cha chini utazame nyama ya ndani. Nna hakika ungeliangalia ungeliona nyeupe kama karatasi. Huyo kaishiwa damu. Mnyonyaji damu mkuu wa mbuzi katika nchi za joto na mvua kama zetu ni mnyoo mmoja mwembamba wa sentimita mbili tatu, anakaa kwenye tumbo la nne, kitaalamu anaitwa Haemonchus contortus. Mnyoo mmoja anakula damu kidogo mno, kama sehemu ya ishirini ya mililita kwa siku, lakini hawi mmoja, wakifika elfu moja hiyo ni mililita hamsini kila siku ya Mungu, yaani kikombe kimoja cha kahawa ya barazani kinachotoka kwa mbuzi wa kilo ishirini ambaye damu yake yote haifiki lita moja na nusu. Na wanafika elfu moja, wanapita.

Halafu kinachowadanganya watu wengi ni kwamba mnyoo huyu kwa kawaida haharishi. Mbuzi anakwenda choo vizuri, vidonge vyake vikavu, mwenyewe unaona mzima, ila manyoya yamesimama, anachelewa nyuma ya wenzake, akikimbizwa anahema analala chini. Siku ya pili kafa. Watu wanasema kapigwa jicho.

Bara mbuzi au ng'ombe akiishiwa damu mtu anafikiria na nagana, ile ya ndorobo. Sisi hapa hilo tumeshaepushiwa, Pemba ndorobo hakuwepo na Unguja walimmaliza kwa kurusha kwa ndege madume waliohasiwa kwa mionzi, madume yenyewe yakifugwa Tanga, ndorobo wa mwisho wa porini kanaswa mwaka 1996. Basi kwetu mbuzi mweupe wa jicho kwanza shuku minyoo, pili kupe wengi, tatu minyoo ya ini, na hiyo ya tatu wewe wa bondeni inakuhusu ntaifikia.

Sasa sikiliza mnyoo anavyozunguka mana ukilifahamu hili mengine yote utajipangia mwenyewe. Jike moja la mnyoo linataga mayai elfu tano na zaidi kwa siku. Mayai yanatoka na mavi. Kukiwa na joto na unyevu, na Pemba masika vyote viwili vipo, ndani ya siku nne mpaka saba yai limeshakuwa kijidudu kinachoweza kumwambukiza mbuzi, kinatoka kwenye mavi kinapanda jani kwa kufuata umande au maji ya mvua. Hakipandi juu sana, wengi wanabaki chini kwenye hiyo shibiri ya kwanza kutoka ardhini, na wengi wao zaidi kabisa kwenye vidole vitatu vinne vya chini. Mbuzi akila jani hilo kameza. Wiki tatu baadae mnyoo keshakuwa mkubwa naye anataga. Basi hesabu, ukimpa mbuzi dawa leo ikamsafisha kabisa, kesho ukamfunga palepale, baada ya wiki tatu unae mbuzi yuleyule na minyoo mipya.

Na kamba ndo inazidisha. Mbuzi wa kuachiwa anapenda kula juu, majani ya vichaka na miti, hapendi kuinamisha kichwa kwenye majani yalopakwa mavi. Ukimfunga kamba ya mita tatu umempa duara la mita za mraba kama ishirini na nane, siku ya kwanza anachagua, siku ya pili anachagua kidogo, siku ya nne anakula mpaka mizizi na mavi yake mwenyewe yapo hapohapo na vijidudu vimeshaanguliwa. Wenzako wa Makunduchi na Jambiani kule Unguja kwenye maweni hawana shida hii kwa kiasi hiki, sio kwamba wanajua dawa kuliko wewe, mbuzi wao wanakula vichaka kwenye mawe makavu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kigingi kisikae pahala pamoja zaidi ya siku tatu. Siku tatu, sio mpaka majani yaishe. Mana yai linataka siku nne angalau ndo liwe na madhara, ukimtoa ya tatu umeshamuwahi. Na ukishatoka usirudi hapo kabla ya wiki tano, sita ikiwezekana. Kuna visiwa vya Tonga kule bahari ya Pasifiki, joto na mvua kama sisi, utafiti wao ulichapishwa 1994, waligawa malisho vipande kumi mbuzi wakakaa siku tatu na nusu kila kipande, kipande kikapumzika siku thelathini na kitu, na mayai ya minyoo kwenye mavi yakapungua sana ukilinganisha na mbuzi walokaa eneo moja. Sababu ni kwamba kwenye joto kile kijidudu kinahangaika mno, hakili kitu, kinaishi kwa akiba yake tu, ikiisha kinakufa. Ulaya kwenye baridi kinaweza kukaa miezi na miezi. Joto letu linaloangua mayai haraka ndilo hilohilo linalowaua vijidudu haraka, sasa kwanini tusilitumie.

Najua utasema daktari mimi hiyo ardhi ya kuhamahama nnayo wapi, Pemba kila shibiri ina mwenyewe. Sawa. Basi masika usiwafunge kabisa, au wafunge wale wakubwa wenye afya tu, wengine wakatie uwaletee. Majani ya fenesi mbuzi wanayapenda kuliko mkate, majani ya mwembe, lusina, glirisidia ikinyaushwa kidogo kwanza, migomba. Ya muhogo yaanike yanyauke, mabichi mengi yana sumu. Yaninginize kwenye fito usiyatupe chini, chakula cha mti hakina vijidudu vya minyoo lakini ukikitupa sakafuni kwenye mavi umekitia mwenyewe. Ukikata majani ya ardhini kata juu, usikate kwa kuchomoa.

Wakati wanakwenda malishoni watoe umande ukishakauka, saa tatu saa nne hivi, usiwatoe na alfajiri. Na ondoka bondeni. Hili nakuomba sana, panda nao mlimani chini ya minazi na mikarafuu mikubwa (michanga wataitafuna mzee wako agombane na wewe), bonde waachie ng'ombe. Na kama jirani ana ng'ombe mkubwa basi mwambie amfunge pale ambapo mbuzi wako wametoka, mnyoo huyu wa mbuzi kwenye tumbo la ng'ombe hafanikiwi sana, kwa hiyo ng'ombe anakusafishia malisho bure.

Bonde lina na jambo lake jengine, minyoo ya ini. Hii ni bapa kama jani, inapitia kwanza kwa konokono mdogo wa maji wa kwenye mpunga na mitaro, kisha inapanda majani yaloota majini au karibu na maji. Mbuzi anaishiwa damu vilevile na anavimba kidevu vilevile, kwa hiyo kwa macho huwezi kutofautisha, ila ukichinja ukaona ini lina mirija migumu na hao bapa ndani umeshajua. Muulize mchinjaji wenu wa hapo, anayajua maini ya mbuzi wa bonde lenu kuliko mimi. Na albendazoli kwa dozi ya kawaida ya minyoo ya tumbo haiwatoshi hawa, inawafikia wakubwa tu na kwa dozi ya juu, wadogo wanaotoboa ini inawaacha.

Haya, sasa dawa.

Umesema unawapa wote kila miezi miwili. Wengi tulifundishwa hivyo na vibandiko vingine bado vinaandika hivyo. Lakini fikiria, kila ukiwapa wote, minyoo inayokufa ni ile dhaifu, inayobaki ni ile michache inayoihimili dawa, na kwa vile hakuna mbuzi ulomuacha basi hiyo michache haina wa kushindana nae, inazaana yenyewe kwa yenyewe. Ukirudia mara sita kwa mwaka, miaka mitatu, una bonde zima la minyoo isojali albendazoli. Ndo maana wanaofuata njia mpya, ya kumpa dawa anaehitaji tu, wanawaacha kwa makusudi baadhi ya mbuzi bila dawa, minyoo yao laini ichanganyike na ile sugu. Na mbuzi hawalingani, kwenye kundi kama lako wawili watatu ndo wamebeba minyoo mingi, walobaki wanayo kidogo na wanaishi nayo.

Utawajua kwa jicho. Kila wiki mbili wakati wa mvua, kiangazi hata mara moja kwa mwezi inatosha, mkamate mmoja mmoja juani sio ndani ya banda, kidole gumba kimoja ubonyeze kigubiko cha juu taratibu, cha pili uvute cha chini, utazame rangi haraka kabla haijabadilika. Ipo kadi ya rangi inaitwa FAMACHA, imetoka Afrika Kusini, ina rangi tano kutoka nyekundu mpaka nyeupe, ukiipata kwa afisa mifugo wenu vizuri sana mana kukisia kwa kichwa watu tunajidanganya. Moja na mbili, nyekundu nyekundu, muache. Nne na tano, waridi iliyofifia mpaka nyeupe, mpe dawa siku hiyohiyo. Tatu ipo kati, kwa mbuzi mimi napendelea umpe kama ana mimba kubwa, ananyonyesha, au ni mdogo, au unamuona amekonda. Mbuzi wa mimba na alozaa karibuni muangalie zaidi, wiki mbili kabla ya kuzaa mpaka mwezi na nusu baadae mwili unalegea kuzuia minyoo, anakuwa ndie anaemwaga mayai mengi na mtoto wake yupo palepale anajifunza kula majani.

Aandikwe. Daftari la skuli linatosha, jina la mbuzi, tarehe, rangi ya jicho, kapewa au hakupewa. Mbuzi ambaye kila ukigeuka anataka dawa na wenzake hawataki, huyo usimbakishe kwa uzazi hata akiwa mzuri wa sura, muuze nyama. Na beberu khasa, mana beberu mmoja anarithisha banda zima.

Kabla hujasema dawa imeshindwa hakikisha ulimpa kweli. Hapa ndo naona makosa mengi kuliko pote. Kwanza mbuzi sio kondoo, ini lake linaisafisha dawa haraka zaidi, kwa hiyo albendazoli anataka mara mbili ya dozi ya kondoo, na chupa nyingi zimeandikwa kondoo au zimewaunganisha tu. Levamisoli, dawa nyengine ya minyoo, anataka dozi moja na nusu ya kondoo na usizidishe hata kidogo, hiyo ukizidisha mbuzi anatoka mate anatetemeka na anaweza kufa. Pili angalia nguvu ya chupa. Albendazoli ipo ya asilimia mbili na nusu na ipo ya asilimia kumi, jina moja, rangi inafanana, bei tofauti. Chukua mbuzi wa kilo ishirini na nne, dozi miligramu kumi kwa kilo, anataka miligramu mia mbili na arubaini. Ya asilimia kumi hiyo ni mililita mbili na nukta nne. Ya mbili na nusu ni mililita karibu kumi. Ukibadilisha chupa ukabaki na kipimo kilekile cha zamani umempa robo ya dozi, au umempa mara nne. Mtu anakwenda miezi sita hivyo anasema dawa za skuizi feki.

Kilo usikisie. Simama kwenye mizani ya kupimia watu umempakata, kisha simama peke yako, toa. Kumpa: tumia bomba la sindano bila sindano, sio chupa ya soda, kichwa kiwe sawa na mgongo usikiinue juu, pitishia pembeni ya mdomo mpaka nyuma ya ulimi umimine pole pole. Kichwa kikiinuliwa dawa inaingia mapafuni, anakohoa, siku ya tatu ana homa ya mapafu na lawama inapewa minyoo. Albendazoli inafanya kazi vizuri zaidi akilala na njaa usiku huo, maji apewe, ila mgonjwa dhaifu au mwenye mimba kubwa usimfungishe. Na albendazoli usimpe mwenye mimba changa ya mwezi wa kwanza, inaharibu kichanga tumboni, sasa kama beberu anakaa nao siku zote hujui nani ana mimba changa, hiyo nayo ni sababu ya kutowapa wote.

Kujua kama dawa kweli imeshindwa kuna njia moja tu ya uhakika. Siku ya kuwapa dawa chukua mavi mabichi ya mbuzi kama watano hivi, uyatoe kwenye njia ya haja usiyaokote chini, kila mmoja mfuko wake wenye jina, utoe hewa, weka pahala pa baridi, upeleke siku hiyohiyo ofisi ya mifugo Wete au Chake wahesabiwe mayai. Baada ya siku kumi mpaka kumi na nne, wale wale tena. Mayai yakipungua chini ya asilimia tisini na tano basi minyoo yako imeizoea albendazoli, iache. Hapo ndo unabadilisha ukoo wa dawa, sio jina la kampuni. Vidonge na chupa vyenye majina yanayoishia na "bendazoli" ni ukoo mmoja, ukitoka hii kwenda ile hujabadilisha kitu.

Kwako wewe ulie bondeni ningeanza na ile ya mchanganyiko wa levamisoli na oksiklozanidi, madukani ipo tele, levamisoli inapiga minyoo ya tumbo na oksiklozanidi inapiga minyoo ya ini walokwisha kukua. Kwa wale wenye rangi ya jicho ya nne na ya tano tu, dozi kwa mizani. Klosanteli nayo ni nzuri kwa wanyonya damu hao lakini ikizidi mbuzi anapofuka na haponi, kwa hiyo bila mizani usiiguse. Ivermektini ya sindano watu wanaipenda wakidhani inamaliza kila kitu, haimalizi, minyoo ya ini haiigusi, tegu haiigusi, kupe haiwawezi vizuri, na Haemonchus sugu wa ivermektini wapo duniani kote. Hiyo ibakishie upele.

Yule alokwisha kuwa mweupe kabisa usimkimbize kumkamata, mfuate bandani kivulini. Dawa itaua minyoo lakini damu hairudi kwa dawa, inarudi kwa chakula. Mpe majani ya lusina, pumba, mashudu, chicha za nazi mbichi za siku hiyo kidogo (zilochacha hapana), hata wiki tatu nne. Mbuzi anaeshiba protini anapambana na minyoo mwenyewe, huyu wa bonde anaekula majani ya maji matupu anashindwa na minyoo michache tu.

Mwarobaini utaniuliza, najua. Majani yake akiyala hayamdhuru, ila sijaona ushahidi wa kuyategemea kwa mbuzi aloishiwa damu, usimchezee huyo.

Watoto wanaoharisha ni kitu chengine kabisa na ndo maana albendazoli haikuwasaidia. Wana umri gani? Kama ni wiki tatu mpaka miezi minne mitano, mavi ya majimaji, pengine meusi au na damu, mkia umechafuka, hao nashuku koksidia, vijidudu vidogo vya kwenye utumbo ambavyo sio minyoo. Vinatokana na banda bichi na vyombo vya maji vinavyoingia mavi. Dawa yake ni za salfa au amproliamu, hiyo wanayowapa kuku, lakini dozi ya mbuzi sio ya kuku, pita ofisini uandikiwe kwa kilo zao. Wape na maji yenye chumvi na sukari wasikauke. Na ukiona kwenye mavi ya watoto vipande vyeupe kama punje za wali vinatembea, ni tegu, vinatisha macho lakini madhara yake madogo, usihangaike kuliko hayo mengine.

Banda. Kama limekaa chini kwenye ardhi, liinue. Fito au mbao, mita moja kutoka chini, nafasi kati ya fito na fito sentimita moja na nusu hivi, vidonge vidondoke na mguu wa mtoto usinase. Chini ufagie angalau mara mbili kwa wiki, mavi yarundike yaoze yapate moto ndani kwa ndani kisha ndo yaende kwenye migomba na mboga, usiyamwage mabichi kwenye majani utakayokata. Kidau cha maji kiwe nje, anywe kwa kutoa kichwa. Hii peke yake inapunguza koksidia kuliko dawa.

Sasa upele wa masikioni. Oili chafu dada usiipake. Ina mabaki ya madini ya injini, ngozi inaungua, mbuzi anajilamba anakula sumu, na akichinjwa mtu anakula hiyo nyama. Inaonekana inasaidia kwa sababu inaziba pumzi za wale wadudu wa juu na magamba yanalainika, waliochimba ndani wapo. Upele mkavu mnene masikioni, puani na kuzunguka macho na mbuzi anajikuna kwenye nguzo, mara nyingi ni ukurutu wa wadudu. Sindano ya ivermektini chini ya ngozi, irudiwe baada ya siku kumi na nne mana mayai hayafi na sindano ya kwanza, na hapa ndo pekee nakwambia wape wote walolala banda moja, mana asiejikuna leo atajikuna wiki ijayo. Au uwaogeshe kwa amitrazi kwa vipimo vya kibandiko, nayo mara mbili, ukivaa glavu. Kama mna punda wa gari hiyo amitrazi isimguse, punda na farasi inawafunga matumbo. Wewe mwenyewe ukiwashika unaweza kuwashwa mikono siku kadhaa, itaisha. Ila kama vidonda vipo midomoni kwa watoto, vigaga kwenye pembe za mdomo, huo sio ukurutu, ni wa virusi, ivermektini haifanyi kitu na unawaambukiza na watu, shika kwa glavu.

Kupe watazame ndani ya sikio, chini ya mkia na katikati ya kwato. Yule mkubwa mwenye mgongo wa rangi rangi ndie mbaya kwa mbuzi, analeta ugonjwa wa moyo kujaa maji, mbuzi anapata homa kali, anatembea kwa kuinua miguu juu, anazunguka, anaanguka anapiga miguu. Hapo ni oksitetrasaiklini mapema sana, usisubiri kesho.

Ukinunua mbuzi mpya, khasa hawa wa bara wanaoshushwa kwa majahazi kuelekea Idd, usimuingize bandani siku hiyo. Muweke mbali wiki tatu, kwa minyoo na kwa sotoka ya mbuzi pia. Mpe dawa mbili za koo mbili tofauti siku moja, kila moja na dozi yake na bomba lake, usizichanganye kwenye chupa, na mavi yake ya siku mbili tatu za mwanzo yafagie uyaweke mbali na malisho yako. Minyoo sugu mara nyingi inanunuliwa.

Na hilo la Idd linanikumbusha. Mbuzi wa kuchinjwa usimpige sindano ya ivermektini mwezi wa kabla ya Idd, soma siku za kusubiri nyama kwenye kibandiko, kwa sindano hiyo ni wiki nne na kuendelea, na maziwa ya wanaokamuliwa vilevile yana siku zake kwa kila dawa. Mnunuzi akikuuliza mtajie tarehe kutoka kwenye lile daftari.

Kwa sasa hivi, kesho asubuhi wapandishe mlimani, watazame macho wote kumi walobaki, kisha niandikie rangi zao, umri wa hao watoto wanaoharisha na asilimia ilioandikwa kwenye chupa yako ya albendazoli. Nikishajua asilimia na ulikuwa unawapa mililita ngapi ntakwambia kama dawa imeshindwa au haijawahi kuwafika.